Tangi la maji moto kwa nyumba yenye pampu ya joto: lita ngapi zinatosha?

Asubuhi ya Idi nyumba yetu ya vyumba vitatu, huku Uingereza, ilikuwa na watu saba. Mama mkwe wangu alikuwa amefika kutoka Tanga wiki mbili kabla, pamoja na shemeji yangu. Watoto waliingia bafuni kwanza, akafuata mke wangu, kisha shemeji. Mama mkwe hakutaka kugombania bafu na wajukuu, akasubiri mwisho. Baada ya muda tukamsikia akiita taratibu kutoka juu: "Mwanangu, haya maji mbona baridi?" Mke wangu akamchemshia maji kwenye birika, akampelekea ndoo na kopo, naye akaoga kama alivyozoea kwao. Hakulalamika hata kidogo. Mimi ndiye niliyeona haya, kwa sababu miezi mitano kabla tulikuwa tumeng'oa boila ya gesi na kufunga pampu ya joto, mtambo wa umeme unaopasha nyumba na maji kwa joto la hewa ya nje, na fundi alitwambia kwamba tangi la lita 150 linatosha familia.

Tangu siku ile nimeulizwa maswali na ndugu na jamaa wengi wanaofikiria kubadilisha boila kwa pampu. Uingereza na Wales zinatoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa pampu ya joto tangu Oktoba 2023, na watu wetu wameanza kuichangamkia. Wote huuliza kuhusu pampu: kelele, bei, baridi ya Januari. Tangi wanamwachia fundi. Nami naona tangi ndilo litakaloamua kama mtaipenda pampu hiyo au mtaichukia, kwa sababu pampu huioni, lakini maji unayaoga kila siku.

Kwanza, kwa nini liwepo tangi? Nyumba nyingi za huku zina boila ya kombi, na kombi haihitaji tangi. Ukifungua bomba inawaka na kupasha maji yakiwa njiani. Nguvu ya kufanya hivyo inayo: kilowati 24 hadi 30, na ile ya kilowati 30 inatoa zaidi ya lita 12 za maji ya kuoga kila dakika bila kuchoka. Pampu ya joto ya nyumba ya kawaida ina kilowati 5 hadi 8. Inachota joto lililomo kwenye hewa ya nje na kulisukuma ndani, na hapo ndipo uzuri wake ulipo, maana uniti moja ya umeme (kilowati moja kwa saa moja) inakuletea uniti mbili na nusu, tatu, au zaidi za joto. Lakini kazi yake ni ya taratibu, kama maharage juu ya moto wa mkaa. Ukiilazimisha pampu ya kilowati 5 ipashe maji ya shawa yakiwa njiani, utapata lita 2 na kitu kwa dakika. Huo ni mchirizi. Ndiyo maana inabidi ipashe mapema na kuhifadhi. Tangi ni chupa ya chai kubwa: unaijaza kabla wageni hawajafika, na wakishakunywa yote, hakuna mengine mpaka yachemke tena.

Lita zilizoandikwa si lita utakazooga

Hapa ndipo watu wengi, na mafundi wengine pia, hupotea. Maji ya tangi huyaogi jinsi yalivyo. Yana nyuzi 50 au 60 za Selsiasi. Ngozi ya binadamu inapenda 38 hadi 40. Kwa hiyo shawa inachanganya maji ya tangi na maji baridi ya bomba la mtaa. Kadiri tangi lilivyo la moto ndivyo maji baridi mengi zaidi yanavyoingia kwenye mchanganyiko, na ndivyo tangi linavyodumu.

Chukua tangi letu la lita 150. Tuseme maji ya bomba yana nyuzi 10. Tangi likiwa na nyuzi 50, linatoa lita 200 za maji ya kuoga ya nyuzi 40. Lilelile likiwa na nyuzi 60 linatoa lita 250. Hesabu yake ni rahisi: toa nyuzi za maji baridi kutoka nyuzi za tangi, gawanya kwa tofauti kati ya 40 na maji baridi, kisha zidisha kwa lita za tangi. Kwa mfano wetu ni 40 kugawanya kwa 30, mara 150.

Boila ya gesi hupasha tangi mpaka nyuzi 60 bila shida. Pampu nayo inaweza kufika huko, hasa zile mpya zinazotumia gesi ya propani kubebea joto, ila inalipishwa: kila nyuzi moja unayoongeza inapunguza ufanisi wake kwa takribani asilimia 2 hadi 2.5. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye pampu huweka tangi kwenye nyuzi 48 hadi 50. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na tangi la lita 150 na boila, ambaye halikuwahi kumwishia maji, akibaki na lita zilezile baada ya kufunga pampu, amepunguziwa lita 50 za kuoga bila kuambiwa. Ili abaki alipokuwa anahitaji tangi la lita 190 hivi.

Halafu kuna kipande kingine kinachopotea. Maji ya moto hukaa juu, ya baridi huingia chini, na yanapokaribia kwisha hayaishi ghafla. Yanaanza kuwa vuguvugu. Sehemu ya chini kabisa, chini ya koili (bomba la ndani ya tangi linalopasha maji), haipati moto vizuri. Mimi hukata asilimia 15 kwenye kila hesabu ili nisijidanganye. Lita 200 zinakuwa 170. Tangi la lita 210 kwenye nyuzi 50 linatoa 280 kwenye karatasi na 238 bafuni. La lita 250 linatoa 333 kwenye karatasi, 283 bafuni.

Pima kwa ndoo

Sasa upande wa pili wa mizani: mnatumia kiasi gani? Usikisie. Chukua ndoo ya lita 20, iweke chini ya shawa yako, fungua maji kama unavyooga, na utumie saa ya simu. Ikijaa kwa dakika mbili, shawa yako inatoa lita 10 kwa dakika. Vile vichwa vipana vya shawa vinavyomimina kama mvua ya masika vinaweza kufika lita 15 au 20. Kisha muulize kila mtu, bila kumwaibisha, anakaa humo dakika ngapi. Kijana wetu mkubwa alisema tano. Tulipompimia zilikuwa kumi na mbili.

Wengi wetu tulikulia kwenye ndoo moja ya maji kwa mtu mmoja, na hapo tulitoka tumetakata. Shawa ya lita 10 kwa dakika, ukikaa dakika nane, ni ndoo nne. Nasema hivi ili namba za tangi ziwe na sura. Lita 170 tulizokuwa nazo siku ya Idi ni ndoo nane na nusu. Watoto watatu, kila mmoja ndoo tatu, walizimaliza kabla mke wangu hajafunga mlango. Yeye na shemeji walipata masalio yaliyokuwa vuguvugu pamoja na yale machache ambayo pampu ilikuwa imeshaanza kupasha, na mama mkwe akakuta hayo yamekwisha pia.

Cha kupima ni saa yenu ya msongamano. Jumla ya siku haikusaidii sana. Uchunguzi wa Energy Saving Trust, taasisi ya Uingereza inayohimiza matumizi bora ya nishati, uliochapishwa 2008, uliopima nyumba zenyewe, ulikuta nyumba ya Uingereza inatumia wastani wa lita 122 za maji moto kwa siku. Namba hiyo ni ya kweli, lakini ukinunua tangi kwa kuifuata, utakuwa umenunua tangi la siku ya kawaida ya familia ya kawaida. Nyumba yenye watu watano wanaotaka kuoga wote kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi haiko kwenye wastani huo. Familia yenye wazee wanaotia udhu kwa maji moto mara tano, iongeze lita chache. Kama bafu moja lina shawa ya umeme, ile yenye waya nene na swichi ya kamba darini, hiyo itoe kabisa kwenye hesabu, maana inachemsha maji yake yenyewe. Mashine ya kufulia na ya kuoshea vyombo vilevile zitoe, kwa sababu nyingi za siku hizi zinavuta maji baridi tu. Hodhi la kuogea lihesabu lita 80 hadi 100 za maji yaliyochanganywa kila linapojazwa.

Mafundi wana kanuni yao ya haraka: lita 45 kwa kila mtu kwa siku, na idadi ya watu wanaikisia kwa kuhesabu vyumba vya kulala na kuongeza kimoja. Nyumba ya vyumba vitatu inakuwa ya watu wanne, yaani lita 180. Kanuni hii si mbaya. Inatayarisha nyumba hata kwa mnunuzi wa baadaye. Shida ni kwamba nyumba zetu hazijazwi kwa vyumba. Chumba kimoja wanalala watoto watatu, sebule ina binamu aliyekuja kusoma, na bibi anakuja kukaa miezi sita. Mwambie fundi idadi ya watu wanaolala humo kweli, na idadi mnayopokea sikukuu. Fundi makini huchukua namba iliyo kubwa kati ya vyumba na watu. Yule wetu hakuuliza hata kimoja.

Muda wa kupasha upya

Tangi linapoisha, pampu inahitaji muda gani kulirudisha? Lita moja ya maji inahitaji uniti 0.00116 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo lita 210 kutoka nyuzi 10 hadi 50 ni uniti 9.8 za joto. Pampu ya kilowati 5 itatumia saa mbili kasoro dakika chache. Ya kilowati 8 saa moja na robo. Umeme unaolipia, kama pampu inakupa uniti 2.8 za joto kwa kila moja, ni uniti 3.5 tu. Kazi hiyohiyo ukiipa hita ya umeme iliyozamishwa ndani ya tangi, yenye kilowati 3, itachukua zaidi ya saa tatu na kula uniti zote 9.8. Kwa bei ya karibu peni 25 kwa uniti, ni peni 88 dhidi ya pauni mbili na nusu. Hita hiyo ni ya dharura. Ukikuta inawaka kila siku, kuna kitu kimepangwa vibaya.

Kuna jambo ambalo halisemwi sana. Pampu ikipasha tangi, huwa inaacha kupasha nyumba. Valvu inageuza maji kutoka kwenye redieta, zile za ukutani zinazopasha vyumba, kuelekea kwenye tangi, na redieta zinasubiri zamu yao. Saa moja na nusu kwenye nyumba iliyozibwa vizuri hutaihisi. Kwenye nyumba ya zamani yenye madirisha yanayovuja upepo, usiku wa barafu, utaihisi. Kwa hiyo pampu ndogo yenye tangi kubwa linalopashwa jioni wakati wote mko sebuleni ni mpangilio mbaya, hata kama lita ni sahihi. Sogeza upashaji uwe alfajiri kabla hamjaamka, na mwingine mchana.

Huo upashaji wa mara mbili ndio unaopunguza ukubwa wa tangi mnalohitaji. Familia inayooga nusu asubuhi na nusu usiku haihitaji tangi la siku nzima. Lakini anayefuata umeme wa bei nafuu wa usiku hesabu yake inageuka. Mpango wa Economy 7 unatoa saa saba za nafuu, nyumba nyingi zikiwa nazo takriban saa sita na nusu usiku hadi saa moja na nusu asubuhi. Ukitaka maji yote ya siku yapashwe ndani ya saa hizo, lazima tangi libebe siku nzima, na hapo lita 300 hazishangazi. Wajapani walichukua njia hiyo: mitambo yao ya EcoCute, iliyoanza kuuzwa 2001, hupasha usiku, na matangi ya lita 370 na 460 ni ya kawaida kwao, kwa kuwa familia hujaza hodhi la kuogea jioni. Mwenye paneli za sola naye atapenda tangi kubwa, ila lake litapashwa saa sita mchana.

Usikubali koili ndogo

Nikiambiwa nichague neno moja la kuwaachia, ningechagua koili. Ndani ya tangi kuna bomba lililozungushwa kama nyoka, na ndani yake yanapita maji kutoka kwenye pampu, yakiachia joto. Boila ilikuwa inatuma maji ya nyuzi 70 au 80, tofauti kubwa na maji ya tangi, kwa hiyo koili ndogo ilitosha. Pampu inatuma maji ya nyuzi 55 kupasha tangi mpaka 50. Tofauti ni ndogo, na joto halitapita haraka isipokuwa kwenye uso mpana. Matangi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pampu huwa na koili ya karibu mita 3 za mraba. Ya zamani mara nyingi haifiki hata moja. Ukiunganisha pampu kwenye koili ndogo, maji yanarudi kwenye pampu yakiwa bado na joto, pampu inajizima, inawaka, inajizima, na tangi linabaki nyuzi 42 huku mita ya umeme ikizunguka. Kwa hiyo anayekwambia "tangi lako la zamani ni zima, tuliache upunguze gharama" muulize ukubwa wa koili kabla hujafurahi.

Vijidudu navyo vina sehemu yao kwenye uchaguzi huu. Bakteria wa Legionella, waliopata jina baada ya mlipuko wa 1976 kwenye mkutano wa American Legion, chama cha wanajeshi wastaafu wa Marekani, mjini Philadelphia, huzaana katika maji ya nyuzi 20 hadi 45, na kwenye nyuzi 60 hufa. Ndiyo sababu matangi yenye pampu hupangiwa kupandishwa mpaka 60 mara moja kwa wiki, mara nyingi kwa msaada wa ile hita ya umeme. Kupandisha lita 250 kutoka 50 hadi 60 ni uniti 2.9, peni sabini na kitu kwa wiki. Sizimi mpangilio huo, na ukiwa na mzee au mgonjwa nyumbani nawe usiuzime. Lakini tangi kubwa kupita kiasi, lenye maji yanayokaa siku tatu bila kutumika, linaongeza gharama na wasiwasi pasipo sababu.

Joto linalovuja kupitia kuta za tangi, kwa upande mwingine, wengi hulihofia kuliko linavyostahili. Tangi jipya la lita 210 au 250 hupoteza kati ya uniti moja na mbili za joto kwa siku. Tofauti kati ya saizi mbili zinazofuatana ni sehemu ndogo ya uniti, na joto hilo pampu imelileta kwa theluthi ya bei. Mtu akikukatisha tamaa ya kupanda saizi moja kwa hoja hiyo peke yake, mwonyeshe hesabu.

Kinachobana kweli ni nafasi. Tangi la lita 210 lina kipenyo cha sentimita 55 hivi na urefu wa karibu mita moja na nusu. La 300 linakaribia mita mbili. Lita 250 za maji peke yake ni kilo 250, kabla ya chuma, na zitakaa juu ya sakafu ya mbao. Yapo matangi membamba ya sentimita 48 yanayoingia kwenye kabati dogo. Na kwa kuwa mengi siku hizi yanafanya kazi kwa presha ya maji ya mtaa, sheria za ujenzi za Uingereza, sehemu G3, zinataka fundi mwenye cheti chake, pamoja na bomba la kumwaga maji salama nje iwapo presha itazidi. Hilo si la kumpa mjomba anayejua mabomba kidogo.

Sisi tulianza kwa hatua za bei rahisi. Tulibadilisha kichwa cha shawa kikawa cha lita 8 kwa dakika, tukapandisha tangi mpaka nyuzi 53, tukaongeza upashaji wa saa saba mchana. Siku za kawaida zikatulia. Wageni walipokuja, tulirudi kulekule kwenye birika. Mwaka uliofuata tulifunga tangi la lita 250, na kwa kuwa ruzuku ilikuwa imeshatumika, tulililipia wenyewe, na kabati la kukaushia nguo likawa limekwenda. Tungechagua vizuri mara ya kwanza, tofauti ya bei kati ya matangi yale mawili ingekuwa ndogo sana kuliko kazi ya kung'oa na kufunga upya.

Kwa familia ya watu watatu yenye shawa ya kawaida, 180 inatosha. Wanne au watano, ningeanzia 210 na kutamani 250. Sita na kuendelea, au nyumba ya wageni wasiokatika, 300 kama kabati linaruhusu. Halafu kabla hujatia saini, taka iandikwe kwenye karatasi ya bei: lita za tangi, nyuzi watakazoliweka, muda wa kulirudisha likiisha, na mita za mraba za koili. Fundi asipojua hiyo ya mwisho, mwombe akutumie karatasi ya kiwandani ya tangi lenyewe. Imeandikwa humo.